Maswali ya Wasomaji: Darasa la Usalama wa Uwindaji kwa Anayeanza

Msimu wa kulungu Amerika ya Kaskazini hupamba moto kati ya Oktoba na Desemba, lakini nafasi za darasa huisha miezi kabla. Ndiyo maana barua hizi tumezitanguliza. Nyingi zimetoka kwa watu wa Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania waishio Marekani na Kanada, ambao wenzao kazini wamewaalika porini na wao hawajawahi kushika bunduki.

Ndugu wahariri, nipo Louisville, Kentucky. Nina miaka 34 na makaratasi yangu ya ukaazi wa kudumu yamekamilika. Wenzangu kiwandani wanasema siwezi kwenda nao kuwinda kulungu mpaka nisome kozi. Ni kweli, au wananitania? Na kama ni kweli, nianzie wapi?

Hawakutanii, ndugu yetu. Kila jimbo la Marekani lina sheria yake ya elimu ya mwindaji, na katika majimbo mengi kinachoamua ni tarehe ya kuzaliwa. Kentucky inamtaka aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baada ya hapo awe na cheti. Texas huhesabu kuanzia 2 Septemba 1971, Colorado kuanzia 1 Januari 1949, na Minnesota ni kwa kila aliyezaliwa baada ya 31 Desemba 1979. Pennsylvania haiangalii mwaka: anayekata leseni ya kawaida kwa mara ya kwanza, awe kijana au mzee, lazima awe amesoma.

Anza na tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo lako. Kwako ni Kentucky Department of Fish and Wildlife Resources. Tafuta orodha ya madarasa ya ana kwa ana karibu nawe na ujiandikishe kwa jina lile lile lililo kwenye kitambulisho chako. Herufi ikitofautiana, cheti kitakusumbua siku ya kununua leseni. Jiandikishe mwezi wa sita au wa saba. Wanaongoja Septemba hukuta viti vimejaa, kisha hukimbilia njia ya mkato.

Ada ni ndogo au hakuna kabisa. Walimu wengi ni watu wa kujitolea, na fedha za kozi hutoka kwenye kodi ya bunduki na risasi iliyowekwa na sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937, ambayo ni asilimia 10 kwa bastola na 11 kwa bunduki ndefu na risasi. Muda hutofautiana: Texas wana darasa la siku moja la saa sita, kwingine utahudhuria jioni kadhaa au wikiendi nzima, saa kumi na zaidi. Nenda na kitambulisho, kalamu, chakula cha mchana na namba ya akaunti yako ya idara kama jimbo linaitaka. Usiende na bunduki wala risasi yako hata moja. Mwalimu ana za kwake, pamoja na risasi bandia zisizo na baruti, na risasi halisi moja ikichanganyika na hizo, somo zima limeharibika.

Cheti hicho hakiishi muda, na majimbo mengine hukitambua. Kitunze. Ila kumbuka kwamba cheti si leseni. Ukishakipata bado utahitaji leseni ya mwaka, kibali cha kulungu, na ruhusa ya mwenye shamba. Ruhusa hiyo iwe ya maandishi. Hata pale sheria inaporidhika na maneno, karatasi huzuia ugomvi.

Utasikia pia habari za kibali cha mwanafunzi, kinachomruhusu mtu kuwinda kabla ya kozi akiwa na mwenye leseni ubavuni. Kipo katika majimbo mengi na ni halali. Ushauri wetu ni kwamba usianze nacho. Rafiki yako anaweza kuwa mwindaji hodari na bado asijue kufundisha, na tabia mbaya za mkono atakurithisha pamoja na zile nzuri.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo huko Texas kwa viza ya F-1. Rafiki zangu wanataka twende darasani pamoja. Kuna ubaya?

Hapa tunakuomba usome taratibu. Sheria ya shirikisho inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi, mtalii au mfanyakazi wa mkataba, kumiliki au kushika bunduki au risasi. Katazo hilo lina milango michache ya kutokea, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kwa hiyo mpangilio wa hatua ndio kila kitu kwako: darasa, cheti, leseni mkononi, ndipo bunduki.

Kabla ya kujiandikisha mpigie mwalimu umweleze hali yako. Muulize kama darasa lina kipindi cha kulenga shabaha kwa risasi halisi, na kama unaweza kufanya mazoezi ya mikono kwa bunduki za mfano zisizoweza kufyatua. Leseni ya Texas huisha tarehe 31 Agosti bila kujali uliinunua lini. Siku ikiisha, mlango wako nao umefungwa mpaka uikate upya, hata kama unaenda kulenga shabaha tu na marafiki.

Wenye ukaazi wa kudumu, wakimbizi waliopokelewa rasmi na waliokwisha kupewa hifadhi hawamo katika katazo hilo la viza. Aliyemo nchini bila hadhi ya kisheria yumo katika katazo, na leseni ya uwindaji haimfungulii. Kama ombi lako la hifadhi bado halijajibiwa, muone mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Na kwa kila mtu, awe raia au mgeni, hukumu ya kosa kubwa la jinai au kosa la kumpiga mwenza wa ndoa humzuia kushika silaha. Kosa la kushika silaha ukiwa umekatazwa linaweza kukugharimu ukaaji wako wote, kwa hiyo usiliamue kwa maneno ya rafiki. Upinde na mishale hauhesabiwi kuwa silaha ya moto katika sheria hiyo. Wengi walio na viza huanzia huko, na cheti cha elimu ya mwindaji bado kitahitajika.

Kozi ipo hadi kwenye simu, naweza kuimaliza nikiwa kitandani. Kwa nini niende kukaa darasani saa zote hizo? Kiingereza changu chenyewe ni cha kuungaunga.

Texas, kwa mfano, inamruhusu mwenye miaka 17 na zaidi kumaliza yote mtandaoni. Hata hivyo, nenda darasani. Simu itakufundisha majina ya sehemu za bunduki na sheria za msimu, na kwa hayo ni nzuri. Haiwezi kukuona kidole chako kilipo. Mtu anayeshika bunduki kwa mara ya kwanza hupeleka kidole kwenye triga bila kujijua, kwa sababu umbo la mpini linamwelekeza huko. Mwalimu atakurekebisha mara ya kwanza, ya pili, ya tano, mpaka kidole kijizoeze kulala kimenyooka ubavuni, nje ya ulinzi wa triga. Hilo halijifunzwi kwa kusoma.

Sheria kuu ni nne na utazisikia hadi uzichoke: kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi, mdomo wa mtutu uelekeze upande salama wakati wote, kijue unacholenga na kilicho mbele yake na nyuma yake, kidole kisiguse triga mpaka uwe umeamua kupiga. Ukipima utaona ya pili ndiyo inayookoa watu pale nyingine zinapovunjwa. Bunduki ikifyatuka kwa bahati mbaya huku mdomo ukitazama ardhi tupu, umepata mshtuko. Ikifyatuka mdomo ukimtazama mwenzako, hakuna la kurekebisha.

Kisha kuna kupokezana. Anayetoa hufungua chemba, yaani kitundu cha nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, hutazama ndani, hupenyeza kidole mahali ambapo jicho halioni, ndipo hukabidhi mdomo ukiwa upande salama. Anayepokea hutamka wazi kwamba ameishika, na yeye pia hukagua upya, hata kama amemwona mwenzake akikagua sekunde mbili zilizopita. Wanafunzi wengi huona aibu kukagua, kana kwamba wanamshuku aliyewapa. Porini ni adabu, na asiyekagua ndiye anayetazamwa vibaya.

Kutoa risasi ndiko kunakowaponza wengi, na kosa liko kwenye mpangilio. Kwa bunduki yenye magazini (kisanduku cha kuwekea risasi) ya kuchomoa, chomoa magazini kwanza, ndipo ufungue chemba na kuitoa risasi iliyobaki ndani. Ukianza na chemba wakati magazini ingalipo, unapofunga umejipakilia risasi mpya, nawe unaamini bunduki ni tupu. Kwa zile ambazo magazini yake ni bomba chini ya mtutu, endelea kuvuta na kusukuma mpaka hakuna kinachotoka, kisha tazama, kisha gusa. Jicho pekee halitoshi, kwa maana risasi inaweza kukwama mdomoni mwa bomba na kujificha.

Mwalimu atakupima pia jicho lako kuu. Nyoosha mikono mbele, unganisha viganja mpaka libaki tundu dogo, na utazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo. Funga jicho moja moja. Jicho ambalo likiwa wazi peke yake bado unakiona kile kitu ndilo kuu. Kama ni la kushoto na wewe ni mtu wa mkono wa kulia, utakosa shabaha mwaka mzima bila kujua sababu. Ni afadhali kujifunza bega la kushoto tangu siku ya kwanza, kabla mwili haujazoea vingine.

Kuhusu Kiingereza: idara hizi hupokea fedha za serikali kuu, na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inawakataza wapokeaji wa fedha hizo kubagua watu kwa asili ya taifa lao, na kwa miaka mingi kutojua Kiingereza kumeingizwa humo. Piga simu wiki kadhaa kabla, omba usomewe maswali ya mtihani kwa sauti, na uulize kuhusu mkalimani. Usingoje kuomba mlangoni asubuhi ya siku yenyewe. Pia chukua kijitabu mapema; maswali ya mtihani hutoka humo, ni ya kuchagua jibu, na majimbo mengi hutaka upate angalau asilimia 80.

Mwalimu ametaja "geji 12" na "geji 20" na kusema kuchanganya risasi zake kunaweza kupasua bunduki. Sikuelewa inakuwaje risasi ndogo ipasue bunduki kubwa.

Swali zuri, maana akili hutuambia kubwa ndiyo ya kuogopwa. Kwenye bunduki za marisau, zile zinazorusha vipande vingi vidogo kwa mara moja, namba ya geji ikipanda tundu la mtutu linapungua. Geji 12 maana yake ni kwamba mipira 12 ya madini ya risasi yenye upana wa tundu hilo hufanya uzito wa ratili moja. Geji 20 ni mipira 20 kwa ratili. Tundu la geji 12 lina upana wa karibu milimita 18.5, na la geji 20 karibu 15.6.

Sasa tia risasi ya geji 20 katika bunduki ya geji 12. Haikai kwenye chemba. Huteleza mbele hadi mahali mtutu unapobana, na kunasa hapo. Ukitazama chemba ni tupu, kwa hiyo unafikiri hujapakia. Unatia ya geji 12 na kuvuta triga. Marisau ya nyuma yanagonga risasi iliyonasa mbele, mgandamizo hauna pa kutokea, na mtutu unapasuka hapo hapo unapokamata kwa mkono wa kushoto. Ndiyo maana maganda ya geji 20 hutengenezwa ya rangi ya njano, ili yajulikane hata kwa mwanga hafifu. Usibebe aina mbili katika mfuko mmoja. Ukitoka kuwinda na bunduki moja kwenda nyingine, kung'uta mifuko yote ya koti.

Maandishi ya kulinganisha yapo mahali pawili: ubavuni mwa mtutu na kwenye kitako cha risasi. Soma yote mawili, pamoja na urefu wa ganda. Ganda la inchi 3 linaweza kuingia kwenye chemba ya inchi 2¾ bila shida, kwa sababu mdomo wake umekunjwa. Likifyatuka hukunjuka na kukosa nafasi, na mgandamizo hupanda kupita kiasi.

Matope na theluji mdomoni mwa mtutu hufanya madhara ya jamii hiyo hiyo. Ukianguka, jambo la kwanza ni kutoa risasi zote, kisha kutazama tundu kutokea upande wa chemba. Usijaribu kulisafisha kwa kupiga risasi moja.

Nimefaulu mtihani wa karatasi. Jumamosi ni siku ya uwanjani. Watu huanguka kwa mambo gani?

Huanguka kwa mambo madogo yanayofanywa kwa haraka. Uwanjani utatembezwa kwenye njia yenye vituo, na mwalimu nyuma yako anatazama kitu kimoja zaidi ya vyote: mdomo wa mtutu unapita wapi unapogeuka. Wanafunzi hujibu vizuri wakiwa wamesimama, kisha mtu akiwaita kutoka nyuma hugeuka na bunduki nzima. Jizoeze kugeuza kichwa na miguu huku mtutu ukibaki ulipo.

Kituo cha uzio ndicho kinachokamata wengi. Hata ukivuka kwa urahisi, hupiti na bunduki mkononi. Toa risasi, acha chemba wazi, pitisha bunduki chini ya waya wa mwisho na uilaze upande wa pili, mdomo ukitazama mbali nawe, kisha vuka mahali ambapo hutakuwa mbele ya mdomo. Mkiwa wawili, mmoja hushika bunduki zote mbili zikiwa tupu na wazi, mwenzake huvuka, hupokea moja moja, ndipo wa pili huvuka. Kamwe usiivute bunduki kwako kwa kushika mtutu. Nyasi hunasa triga.

Kuna pia kutembea safu moja kutafuta ndege. Wawindaji wasizidi watatu, waachane kama mita 23 hadi 37, na kila mmoja ana eneo lake la kupiga la nyuzi 45 hivi mbele yake. Ndege akivuka kutoka eneo lako kuingia la mwenzako, si wako tena. Wa katikati hupiga mbele tu. Kinachowaangusha wanafunzi hapa ni kumfuata ndege kwa mtutu akipita juu ya vichwa vya wenzao. Macho yapo kwa ndege na watu wamesahauliwa. Mwenye kasi ndiye huanguka zaidi kuliko mwoga.

Utaonyeshwa pia picha au vinyago na kuulizwa: unapiga au hupigi? Kulungu aliyesimama juu ya kilima, mbingu nyuma yake, jibu ni hapana. Risasi ndogo kabisa ya .22 inaweza kusafiri zaidi ya maili moja, yaani zaidi ya kilomita 1.6, na nyuma ya kilima huoni kilichopo. Kulungu mbele ya ukuta wa udongo, ubavu wake ukikutazama, ndiyo. Kulungu anayekutazama uso kwa uso au aliyekupa mgongo, ngoja ageuke. Unatafuta moyo na mapafu, nyuma tu ya mguu wa mbele. Anayeacha nafasi mbaya hapotezi alama. Anayepiga kwa shaka huzipoteza zote.

Ukivuta triga na isilie, usifungue chemba. Baruti inaweza kuwa inachelewa kushika moto. Shikilia mdomo upande salama kwa angalau sekunde 30, ndipo utoe risasi. Na ikilia kwa sauti dhaifu isiyo ya kawaida, acha, toa risasi, kagua mtutu. Pengine kichwa cha risasi kimebaki ndani.

Vaa viatu vya kufunga, kofia na kizibao cha rangi ya chungwa kali kama umeagizwa, na usikatae miwani na vizibo vya masikio.

Mwanangu ana miaka 13, amefaulu kozi, na mjomba wake anataka kumpandisha kwenye ulingo wa mtini kumngojea kulungu. Mimi nahofia bunduki. Nihofie nini zaidi?

Mama, hofia urefu. Kozi hutenga muda mwingi kwa ulingo kwa sababu kuanguka mtini huumiza wawindaji vibaya, na watu hawaoni hatari yake. Anguko la mita nne au tano huvunja uti wa mgongo.

Mtoto avae mikanda ya mwili mzima, ile inayopita mabegani na mapajani. Mkanda wa kiunoni pekee ukimkamata angukoni humbana pumzi. Afungwe kwenye kamba ya kuokolea tangu miguu yake inapoacha ardhi mpaka itakaporudi ardhini. Watu wengi hujifunga wakishafika juu, ilhali wengi huanguka wakiwa wanapanda, wanashuka au wanavuka kutoka kwenye ngazi kuingia ulingoni. Anapopanda, viungo vitatu viwe vimeshika kila wakati: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono mmoja. Asibebe kitu mkononi. Bunduki hupandishwa baadaye kwa kamba, haina risasi, chemba wazi, mdomo chini, ikiwa imefungwa upande wa mti ambao si ule anaopandia. Hushushwa vivyo hivyo.

Muulize huyo mjomba maswali mawili. Mikanda ilitengenezwa lini, na je, ina utepe wa kukanyagia mtu akining'inia? Aliyening'inia bila kusogeza miguu damu hutuama mapajani na anaweza kupoteza fahamu kabla hajafikiwa. Utepe huo humwezesha kusimama akingoja. Na mikanda ina mwisho wa matumizi ulioandikwa na mtengenezaji. Jambo jingine: mtu wa nyumbani ajue mti uko wapi na watarudi saa ngapi. Kama mjomba anaona hayo ni mengi, mtoto akae chini, nyuma ya gogo, karibu naye. Kulungu hupatikana hata chini.

Assalaam alaikum. Sisi ni Waislamu wa Minneapolis. Mwalimu anafundisha kungoja nusu saa baada ya kupiga kulungu. Sisi tunataka kuwahi kumchinja kama bado yu hai. Tufanyeje?

Waalaikumu salaam. Hukumu ya nyama ya kuwinda, kupiga bismillahi wakati wa kufyatua, na mnyama aliyekutwa amekufa au yu hai, hayo mwulizeni shehe wenu kabla ya msimu, mkimweleza hasa jinsi bunduki na risasi mnazotumia zinavyofanya kazi. Sisi tuna la kusema upande wa mwili wa mnyama.

Mwalimu hakosei. Kulungu aliyejeruhiwa asipofukuzwa hulala karibu. Akisikia hatua hukimbia mbali, na mnampoteza kabisa. Damu huwaeleza hali yake. Ya waridi yenye povu ni ya mapafu, na huyo mara nyingi amekufa ndani ya muda mfupi sana. Nyeusi nyeusi ni ya ini, na yenye majani au rangi ya kijani ni ya tumbo. Huyo hungojwa kwa saa kadhaa. Kwa hiyo jibu lenu kubwa liko kabla ya triga: pigeni karibu, ubavuni, kwenye mapafu, au msipige. Akianguka mbele ya macho yenu, mnaweza kumwendea mara moja bila kumfukuza.

Mwendeeni kutokea mgongoni, si upande wa miguu. Tazama jicho. Aliyekufa huwa na jicho wazi lisilopepesa. Aliyefumba macho mara nyingi bado yu hai. Mguse jichoni kwa fimbo ndefu. Tafadhali msimrukie kulungu mwenye nguvu kwa kisu. Kwato na pembe zake hupasua watu. Na ukiwa na kisu, bunduki iwe tupu na imelazwa mbali. Mwulizeni shehe mapema hata kuhusu risasi ya pili katika hali hiyo, ili msije mkaamua kwa pupa pale pale. Weka kibali chako kwa mnyama kama sheria ya jimbo inavyosema kabla ya kumsogeza.

Mimi niko Ottawa, Kanada. Binamu yangu wa Marekani anasema cheti chake cha siku moja kilimtosha. Kwetu je?

Hakitakutosha. Kanada ina mambo mawili tofauti: leseni ya silaha, ambayo ni ya nchi nzima, na elimu ya mwindaji, ambayo ni ya jimbo. Kwa leseni utasoma kozi ya usalama wa silaha iitwayo CFSC, ana kwa ana, isiyopungua saa nane, na kufanya mitihani miwili, wa kuandika na wa vitendo. Kila mmoja unataka asilimia 80. Kisha unaomba leseni hiyo ya silaha, iitwayo PAL, kwa RCMP, polisi wa nchi nzima. Anayeomba kwa mara ya kwanza hungoja angalau siku 28 kabla ya kupewa, na mara nyingi zaidi ya hapo, kwa hiyo anza majira ya kuchipua ukitaka kuwinda majira ya kupukutika. Leseni hudumu miaka mitano. Ontario wana darasa linalounganisha CFSC na elimu ya mwindaji. Kwa anayeanza, hilo huokoa muda na nauli.

Kwenye mtihani wa vitendo mpangilio haubadilishwi: elekeza mdomo upande salama, toa risasi zote, tazama chemba, hakiki njia inayopitisha risasi kwenda chemba, kagua tundu la mtutu. Tamka kila hatua unapoifanya. Mtahini hawezi kukupa alama kwa jicho lililotazama ndani ya chemba kama hakujua kwamba limetazama. Nyumbani sheria inataka bunduki ihifadhiwe tupu na imefungwa kwa kufuli, risasi zikiwa mbali nayo au nazo zimefungwa.

Nikirudi likizo Nairobi au Arusha, cheti changu cha Marekani kitanisaidia kuwinda?

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977, na marufuku hiyo ingalipo. Tanzania inaruhusu uwindaji kwa leseni chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na silaha ina kibali chake peke yake. Cheti chako ni ushahidi wa mafunzo tu, hakichukui nafasi ya vibali hivyo. Na kabla ya kwenda uwanja wa ndege, pekua mifuko ya koti la kuwindia na kila mfuko wa begi, hadi kwenye mishono. Risasi moja iliyosahaulika humo ni kosa la kukupeleka mahakamani Nairobi au Dar es Salaam. Ni afadhali koti hilo na begi hilo visitumike kabisa kwa safari.